Upepo Hautoi Risiti

Dukani kwa Frerichs, hapa Norddeich,
watu huniambia, "Swantje, nyinyi mmeula, upepo ni bure."
Nacheka, nalipia mkate wangu.
Kweli, upepo haujawahi kutuletea ankara.
Ngazi ndiyo huleta.
Boti huleta, bima huleta,
chumvi huleta kila mwezi pasipo kukosa
kwa mwandiko wake wa rangi ya kutu.

Chai yetu huku haikorogwi.
Bonge la sukari chini, chai nzito juu yake,
malai yakielea. Unaanza na ulaini,
unapita katikati ya uchungu,
utamu unaukuta mwisho.
Hesabu za mitambo hunywewa kinyume:
miaka mitano ya dhamana, tamu tupu,
kisha ulimi unagusa kitako cha kikombe.

Nambari Arubaini na Saba
ilisimama Januari, saa nane za usiku,
kilomita sitini kutoka kitanda changu.
Simu ikang'aa: joto la giaboksi limepita kiasi.
Kilichopasuka ni pete ya mpira,
yuro nne na senti ishirini,
ukichukua kumi unapunguziwa.
Mafuta yakatoka kimyakimya,
meno yakasaga meno makavu.

Na giaboksi ya tani ishirini na tisa
haishushwi kwa kamba na "haya, vuta!"
Inataka meli yenye winchi na miguu minne,
ije ijiinue juu ya maji kama korongo,
na korongo huyu hulipwa kwa siku,
awe anafanya kazi au amelala.
Kikomo cha wimbi: mita moja na nusu.
Wimbi: mbili na robo.
Wimbi: mbili na nusu.
Wimbi: usiulize.
Siku kumi na moja nililipa watu sitini
wanywe supu, wacheze karata, watazame bahari,
na mabawa matatu ya Arubaini na Saba yametulia
katika upepo mzuri kuliko wote wa mwaka,
upepo ambao ungeuzika.

Nimeandika yote. Safu ya D, mafuta ya boti.
Safu ya F, meli. Safu ya J, umeme usiozalishwa.
Hakuna safu ya magoti ya Eilert, kaka yangu,
aliyepanda mita tisini kwa ngazi
lifti ilipogoma, spana zikimgonga paja.

Wala hakuna safu ya hili:
mwezi Oktoba Eilert aliandika katika ripoti,
kwa herufi zake za kulala upande,
"Pete inatoa jasho. Ibadilishwe."
Safari moja ya boti, saa mbili za kazi.
Nikatazama bajeti ya robo ya mwisho,
nikajaza kisanduku: SUBIRI MACHI.
Ufa niliuona. Niliupangia tarehe.

Jumapili alikuja kunywa chai.
Akaitoa mfukoni ile pete, imekatika mahali pamoja,
akaiweka kwenye kisahani changu,
akaomba malai.
Niliijaribu. Inanienea mkononi kama bangili.
"Mbona hukunipigia kelele?"
"Niliandika," akasema, akageuza kikombe chake
kuonyesha kwamba ametosheka.

Leo asubuhi: Nambari Kumi na Tisa, jasho kidogo.
Wimbi mita moja na nukta tatu hadi saa tisa alasiri.
Nimejaza: BOTI IENDE SASA.
Yuro elfu sita na mia tatu, na Bwana Behrends
atapiga simu kabla ya chakula cha mchana
kuuliza tumeokoa kiasi gani.
Sina cha kumwonyesha.
Kisichovunjika nacho hakitoi risiti.